Lumumba alijifunza wapi kuandika?

Kila mwaka tarehe 17 ya mwezi wa kwanza tunakumbuka kifo cha Patrice Emery Lumumba. Redio zinarudilia hotuba yake ya siku ya uhuru, wakubwa wanaweka maua, halafu kesho yake kila mtu anarudi ku kazi yake. Namna alivyokufa, hata mtoto wa shule ya msingi atakuelezea. Namna alivyojifunza kuandika, ni wachache wanajua. Na sisi wa sendika ya wafanyakazi wa machimbo hapa Bukavu tunaona upande huo ndio unatugusa zaidi. Sababu gani? Kule Kamituga, kule Luhwindja, kule Misisi, kunako watoto wa miaka kumi wanaojua kusoma mzani wa dhahabu vizuri sana. Lakini uwape karatasi nyeupe, uwaambie waandike kitu kimoja kutoka kichwani mwao, wanakuangalia sawa vile umewaambia waruke mpaka Idjwi.

Basi, tufuate maisha ya huyu mzee wetu toka mwanzo. Tuangalie ku kila kituo: nani alimpa karatasi, nani alimsoma, nani alimfungia mlango.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 ku Onalua, kijiji cha Watetela, upande wa Katako-Kombe mu Sankuru. Baba yake François Tolenga na mama yake Julienne Wamato walikuwaka wakulima, watu wa jembe. Nyumbani waliongea kitetela. Alipokuwa mkubwa alijua pia kifaransa, kiswahili, lingala na tshiluba, na lugha hizo zilimsaidia kuongea na watu wa kila pembe ya inchi. Tuanze na jambo hilo: mwandishi huyu hakuanza na lugha ya Mzungu. Alianza na masikio yake, na maneno ya mama yake.

Masomo yake yalipita mu misheni mbili ambazo hazikupendana. Alisoma kwa Wakatoliki wa Tshumbe Sainte-Marie, halafu kwa Waprotestanti Wametodisti wa Wembo-Nyama, wenye walitoka Marekani. Shule za wakati ule tunazijua, bazee wetu walizipitia. Mtoto alijifunza kusoma, kuhesabu, kuimba, kulima shamba la misheni, na kuandika yale mwalimu aliyatamka. Serikali ya Ubelgiji ilitafuta makatekista, waganga wasaidizi, na makalani wa kunakili barua za wengine. Haikutafuta watu wa kutunga. Lumumba alianza masomo ya uuguzi kule Wembo-Nyama, lakini aliacha bila diploma. Alikuwa kijana mwenye hajafikia miaka ishirini, hana cheti kikubwa, lakini ana kiu ya vitabu ambayo shule haikuimaliza.

Ile kiu ilimpeleka wapi? Ilimpeleka kwetu, ku machimbo. Wengi hawajui jambo hili. Kabla ya posta, kabla ya siasa, Lumumba alikuwaka kalani mu kampuni moja ya madini ku Kalima, mu Maniema. Wakati ule Maniema ilikuwa chini ya jimbo moja na sisi, na makao makuu ya jimbo yalikuwa hapa hapa Bukavu, mji ambao Wabelgiji waliuita Costermansville. Ilikuwa siku za vita kubwa ya pili. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya, inchi iliyotoa bati nyingi sana, na wakubwa wa vita wakageuza macho ku machimbo ya Kongo. Kasiterite ya Maniema ikatafutwa usiku na mchana. Wachimbaji walisukumwa kazi, na sheria haikuwaruhusu hata kuunda sendika yao: Mwafrika alipata ruhusa hiyo mu 1946 tu, tena na masharti mengi.

Kalani wa machimbo anaandika nini? Majina, siku za kazi, kilo za mchanga, faini. Sisi wenye kufanya kazi hii tunajua: ukisoma rejista ya machimbo, mtu anakuwa namba, na siku yake yote inaingia mu mstari mmoja. Hatujui kazi nyingine inayoweza kumuonyesha kijana waziwazi zaidi kwamba kuandika ni nguvu. Mwenye kushika rejista anaamua nani alifanya kazi na nani hakufanya, nani atalipwa na nani atakatwa. Baadaye, mu 1976, machimbo ya Kalima na yale ya Kamituga yaliwekwa pamoja chini ya kampuni moja, Sominki. Kwa hiyo tunaposema Lumumba ni mtu wetu wa machimbo, si maneno ya kujipendekeza.

Kutoka Kalima alienda Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, na akapata kazi ya kalani mu serikali. Mwaka 1947 alitumwa Léopoldville ku shule ya posta, akafaulu vizuri, akarudi Stanleyville kama mtu wa posta. Hapa ndipo maisha yake ya kuandika yalipata nguvu kweli. Mchana alikuwa dirishani, anapokea barua na makuta ya watu. Saa za nje ya kazi alikuwa na vitabu. Alisaidia ku maktaba bila kulipwa, na kule alisoma Rousseau, Voltaire, Molière, Victor Hugo. Mtu asidanganyike kwamba alikuwa na wakati mwingi. Alikuwa na mke, watoto, kazi, mikutano ya vyama karibu kila juma. Lakini vitabu vilikuwa karibu, mlango ulikuwa wazi, na ufunguo alikuwa nao mkononi.

Tena alikuwa na wasomaji. Hapa tuombe wazazi na walimu wasikilize vizuri. Toka 1945 kulikuwa gazeti Léopoldville lililoitwa La Voix du Congolais, na mkubwa wake alikuwa Mkongomani, Antoine-Roger Bolamba, mwenyewe mtunga mashairi. Lumumba alituma makala kule, akatuma pia ku La Croix du Congo. Ni kweli, serikali ya kikoloni iliangalia magazeti yale kwa jicho kali, na kunako mambo mtu hangeweza kusema. Lakini tufikirie kijana wa Stanleyville mwenye kufungua gazeti na kukuta jina lake chini ya maneno yake mwenyewe. Maneno yale yamesomwa na mtu mbali, yamepimwa, yamekubaliwa. Siku ile anajua kwamba kichwa chake kina kitu. Na Lumumba hakumsahau aliyemfungulia mlango: mu 1960, alipounda serikali yake, Bolamba aliingia ndani, upande wa habari na utamaduni.

Hakutosheka na magazeti ya wengine. Wafanyakazi Wakongomani wa posta wa jimbo lile walikuwa na chama chao, na Lumumba alikiongoza. Chama kilikuwa na gazeti dogo, L'Écho postal, na yeye ndiye alilitengeneza. Sisi wa sendika tunasimama hapa kidogo. Gazeti la wafanyakazi ni shule. Mule mtu wa kazi anajifunza kusema shida yake bila kutukana, kuipanga, kuipatia mwanzo na mwisho, ili hata mkubwa mwenye hataki kusikia alazimike kusoma mpaka chini. Ni kutunga pia, hata kama haina kina Sungura na Fisi ndani.

Mwaka 1954 alipata ile karata ya kuandikishwa kama mtu aliyestaarabika, karata iliyomlazimisha Mkongomani kupimwa na Wazungu namna anavyoishi, anavyokula, anavyosema kifaransa. Mara ya kwanza walimkatalia. Kumbe kalani huyu, mwenye alisoma Voltaire, alipaswa kuonyesha Wabelgiji wengine, ambao labda hawakumsoma, kwamba yeye ni mtu.

Mwezi wa saba 1956, aliporudi kutoka safari ya Ubelgiji, alikamatwa. Alishitakiwa kuchukua makuta ya posta, akahukumiwa. Hatufichi jambo hili, liko mu historia yake na lazima lisemwe. Lakini tuangalie alifanya nini mu buloko. Alichukua karatasi akaandika kitabu kizima juu ya Kongo: juu ya mishahara, juu ya masomo, juu ya namna Mweusi na Mzungu wanaishi inchi moja bila kula meza moja. Kitabu kile kilikuwa na sauti ya pole, bado hakikuwa sauti tunayoijua ya 1960. Alikipeleka kwa wachapaji Bruseli. Hakikutoka wakati ule. Kilitoka mu 1961, mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Mtu aliyeandika kitabu buloko bila kujua kama kitasomwa, huyo tayari ni mwandishi.

Alitoka buloko mwezi wa tisa 1957, akashuka Léopoldville, akauza bia ya Polar kwa kampuni ya pombe. Hata ile ilimfundisha: kusimama mbele ya watu wa bari, kuona neno gani linawagusa na neno gani linaanguka chini. Mwezi wa kumi 1958 chama cha MNC kilizaliwa, naye akiwa mkubwa wake. Chama kikapata gazeti, Indépendance, na mu 1959 mule lilitoka shairi lake juu ya mateso ya mtu mweusi toka siku za utumwa. Kiongozi wa chama, mwenye polisi wanamfuata, alipata wakati wa kutunga shairi. Tuwakumbushe wale wanaosema mashairi ni michezo ya watoto.

Halafu tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Mfalme Baudouin alisema, rais Kasa-Vubu alisema. Programu haikuwa na jina la Lumumba ku orodha ya wasemaji. Watu waliokuwa mule walimuona ameketi na karatasi ku magoti, kalamu mkononi, anasahihisha mistari wakati wengine wanasema. Tunakumbuka ile hotuba kwa hasira yake, lakini tukumbuke pia kwamba iliandikwa, ikakatwa, ikarekebishwa mpaka dakika ya mwisho. Ndani aliweka jasho la mfanyakazi na mshahara wake usiotosha nyumba, nguo wala watoto. Kalani wa Kalima alitoa ile rejista mbele ya mfalme, lakini safari hii ikiwa na watu ndani, si namba.

Serikali yake haikumaliza miezi mitatu. Alifungwa ku kambi ya wanajeshi ya Thysville, na kule aliandika barua ya mwisho kwa mke wake Pauline Opango. Mule aliandika kwamba historia itakayosema neno lake siku moja haitakuwa ile ya kufundishwa Bruseli wala Paris: Afrika itaandika historia yake yenyewe. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Alikuwa na miaka 35. Mwili wake waliuyeyusha na asidi. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake moja. Ila karatasi hawakuweza kuyeyusha. Leo mtoto wa Kadutu anaweza kumsoma, kama kitabu kinamfikia.

Na hapo ndipo shida iko, ndugu wasomaji. Kile Lumumba alichopata ku Stanleyville, mtoto wa machimbo leo hana. Toka 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na tunashukuru. Lakini uingie darasani. Watoto ni wengi ku ubao mmoja, mwalimu anaandika, wao wananakili, kengele inalia. Dikte kunako, kunakili kunako. Kutunga hakuna. Mtoto anafika mwaka wa sita hajawahi kuandika mstari mmoja ambao mwalimu hakuujua mbele yake. Akitoka pale anaenda kumsaidia mama ku kutwanga mawe, na vile alivyoviona ndani ya siku ile, hakuna mtu atamuuliza.

Kunako wenye watauliza: Lumumba aliandika kifaransa, sasa watoto wetu waandike lugha gani? Tujibu kwa mfano wa ngambo ya Tanganyika. Miaka ileile Lumumba akiwa posta, kulikuwa kalani mwingine, Shaaban Robert wa Tanga, aliyezaliwa mu 1909 na kufa mu 1962. Yeye pia hakusoma sana. Alifanya kazi ya forodha, halafu ofisi nyingine za serikali ya Waingereza, na nje ya kazi aliandika kwa kiswahili mashairi na hadithi ambazo leo Afrika ya Mashariki yote inasoma. Alitunga utenzi kwa binti yake na mwingine kwa mtoto wake wa kiume, ili kuwafundisha maisha. Mu 1954 kilitoka kitabu chake Kielezo cha Insha, cha kuonyesha namna insha inavyotungwa. Makalani wawili, lugha mbili. Mmoja alichukua lugha ya mkubwa ili mkubwa asikie. Mwingine alichukua lugha ya nyumbani ili watoto wake wasikie. Mtoto wa Bukavu anahitaji zote mbili, lakini aanze na ile anayoota nayo. Kiswahili ni moja ya lugha ine za taifa, na programu ya serikali inakubali lugha za taifa mu miaka ya kwanza ya shule. Tuitumie, tusiione kama lugha ya sokoni tu.

Sasa tufanye nini? Maisha ya Lumumba yanatupatia njia, na haiombi makuta mengi.

Kwanza, mtoto apate kaye moja ambayo si ya masomo. Kaye ya kwake, mwalimu hataweka namba ndani. Mule aandike mambo anayoyajua: shimo lililojaa maji, mama mtwangaji mwenye anaimba, mtumbwi ku ziwa, mvua ya Essence inayoleta matope mpaka mlangoni, ugomvi wa kupanga foleni ku bomba. Usimpe kichwa cha habari kama faida ya mti, ambacho kila mtu anajua jibu lake.

Pili, asimulie kwa mdomo kwanza. Bibi na babu walitufundisha hivyo jioni. Mwache aseme hadithi yake kwa wenzake, wamuulize: halafu? Kwa nini alikimbia? Shimo lilikuwa na harufu gani? Mtoto akishajibu, hadithi yake imekwisha kukua bila yeye kujua. Ndipo aandike.

Tatu, apate msomaji, si askari. Mzazi au mwalimu ashike karatasi, asome mpaka mwisho, aseme kitu kilichomgusa, aulize kitu ambacho hakuelewa. Makosa ya herufi yatafuata, siku nyingine, na mtoto mwenyewe akiwa na kalamu mkononi, kama Lumumba na hotuba yake. Kalamu nyekundu ikianza, mtoto anaandika maneno matatu anayojua hayana kosa, ananyamaza.

Ine, vitabu vifike mahali mtoto iko. Sanduku moja la vitabu, hata thelathini, linaweza kuzunguka: juma hili shule hii, juma lijalo ile. Mtu mmoja ashike orodha, mwaminifu, kama Lumumba ku maktaba, bila kulipwa.

Tano, kazi za watoto zisomwe na watu. Bandika karatasi zao ukutani ku ofisi ya sendika, ku kanisa, ku nyumba ya kooperative. Siku ya mkutano wa wafanyakazi, mtoto mmoja asome yake mbele ya wazazi kabla hatujaanza kugombana juu ya mishahara. Tutaona nani atakuja kwa kuchelewa.

Kwa upande wa makampuni, tuseme wazi. Kodi ya madini iliyorekebishwa mu 2018 inalazimisha kampuni yenye kuchimba kutoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kuandika pamoja nao kaye ya ahadi. Mara nyingi mu kaye hizo tunaona kuta za shule, mabati, rangi. Kitabu hatuoni. Tunaomba machifu, kamati za wenyeji na wenzetu wa sendika: mukiketi ku meza ile, mudai maktaba ndogo, mudai karatasi, mudai siku za kuwafundisha walimu namna ya kusaidia mtoto kutunga. Shule yenye ukuta mzuri bila kitabu ni depo.

Wengine watatucheka: sendika ya machimbo inaingilia wapi mambo ya hadithi za watoto? Tunawajibu kwamba tumeona mikataba mingi iliyowekwa kidole na watu wasioweza kuisoma, na malalamiko mengi ya haki yaliyokufa kwa sababu hakuna mtu aliyejua kuyapanga ku karatasi. Mtoto mwenye kujua kusimulia siku ya mama yake ku jiwe la kutwangia, mstari kwa mstari, kesho atajua kusimulia ajali ya shimoni mbele ya inspekta wa kazi, na hakuna atakayemgeuzia maneno.

Lumumba hakuwa na diploma ya kuandika. Alikuwa na masikio, rejista, maktaba, gazeti, na watu wachache waliokubali kumsoma. Jumamosi hii, mzazi, chukua karatasi moja, umuombe mtoto wako akuandikie yale aliyoyaona ndani ya juma. Halafu uketi, usome mpaka mwisho.